Mionzi, maziwa na mtoto: tulichojifunza kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia

Mtoto anakohoa wiki ya tatu sasa, au amevunjika mkono akichunga ndama, na mhudumu wa zahanati anasema aende Wasso au Karatu akapigwe picha ya eksirei. Nauli inatafutwa na inapatikana. Kisha mtu nyumbani anauliza: hiyo mionzi si ndiyo ile ya mabomu, inayoua watu na kuharibu mimba?

Ni swali la haki, na linastahili jibu kamili. Mionzi ya hospitali na mionzi ya bomu ni ndugu, lakini hazifanyi kazi kwa namna moja. Ukijua tofauti yake, utajua lini usiogope, lini uwe mwangalifu, na maswali gani ya kumuuliza mhudumu kabla mtoto hajaingia chumbani.

Katika makala hii tunaeleza jinsi Uingereza ilivyojaribu mabomu yake ya nyuklia miaka ya 1950, tahadhari zilizowekwa, na watu waliosahauliwa. Tunaeleza pia kwa nini maziwa na watoto vilikuwa katikati ya habari hiyo, na mwisho tunakuja kwenye mambo ya kufanya wewe mwenyewe.

Majibu mafupi kwanza

- Uingereza haikujaribu bomu la nyuklia Tanzania, Kenya wala Uganda. Ilijaribu Australia na katika visiwa vya bahari ya Pasifiki.
- Picha ya eksirei haiachi mionzi ndani ya mwili wa mtoto. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha.
- Kama una mimba, au hujaona siku zako, mwambie mhudumu kabla ya wewe kupigwa picha au kumshika mtoto anayepigwa picha.
- Mama aliyechomwa mionzi kwa mashine kutibu saratani hamwambukizi mtu. Watoto wake wanaweza kumkumbatia.

Mionzi ni nini?

Fikiria moto wa jikoni. Ukikaa karibu, joto linakupata. Ukiondoka, joto halikufuati. Lakini majivu ni habari nyingine: upepo ukiyachukua yanaingia kwenye maji, kwenye chakula, machoni mwa mtoto.

Mionzi nayo ina namna hizo mbili. Mashine ya eksirei ni kama joto la moto: mionzi inapita mwilini kwa muda mfupi sana, picha inatoka, basi. Bomu la nyuklia linatoa joto na mwanga mkali mno, na pia linaacha majivu. Ni vumbi lenye chembe zinazoendelea kutoa mionzi kwa siku, miaka, au vizazi. Vumbi hilo likianguka kwenye majani na maji, linaweza kuingia ndani ya mwili na kukaa humo.

Ukimbuka tofauti hii moja, ya joto na majivu, mengine yote yatakuwa rahisi kuelewa.

Uingereza ilijaribu wapi, na kwa utaratibu gani?

Bomu la kwanza la Uingereza lililipuliwa tarehe 3 Oktoba 1952 kwenye visiwa vya Monte Bello, pwani ya magharibi ya Australia. Liliwekwa ndani ya meli ya kivita, HMS Plym, na meli yenyewe ikateketea. Mwaka 1953 majaribio yalihamia jangwani, mahali paitwapo Emu Field. Kuanzia 1956 yakafanyika Maralinga, kusini mwa Australia. Mabomu makubwa zaidi yalipelekwa Pasifiki mwaka 1957 na 1958, kwenye kisiwa cha Malden na kisiwa cha Kiritimati, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Jumla ilikuwa milipuko mikubwa 21: 12 Australia na 9 Pasifiki.

Ilikuwa kazi kubwa ya kusafirisha na kujenga. Maralinga palijengwa mji mdogo jangwani, wenye uwanja wa ndege, barabara na mabweni, na vifaa vilifika kwa reli inayopita kusini yake. Kiritimati vitu vilikuja kwa meli kutoka mbali sana, na ndege za kijeshi ziliangusha mabomu kutoka angani. Zaidi ya wanajeshi na watumishi 20,000 wa Uingereza walishiriki, pamoja na maelfu ya Waaustralia, mabaharia wa New Zealand na askari kutoka Fiji.

Kwa nini maeneo hayo? Kwa sababu waliopanga waliyaona kuwa matupu. Kwenye ramani zao hapakuwa na miji. Lakini wenyeji wa asili wa Australia walikuwa wakipita humo kwa vizazi vingi, wakifuata maji na mawindo, kila kisima kikiwa na jina lake. Mtu aliyezaliwa katika jamii inayohama na mifugo anaelewa upesi kosa lililopo hapo. Ardhi isiyo na nyumba za bati haimaanishi ardhi isiyo na watu.

Tahadhari zilizokuwepo

Si kweli kwamba hakukuwa na tahadhari yoyote. Zilikuwepo, na baadhi yake zilikuwa za maana:

- Upepo. Mlipuko ulitakiwa kusubiri hadi upepo uelekee pasipo na watu. Wataalamu wa hali ya hewa walipima na kushauri.
- Urefu wa mlipuko. Bomu likilipuka juu sana angani, moto wake haugusi ardhi, kwa hiyo vumbi la karibu ni dogo. Likilipuka ardhini, linanyonya udongo na kuurudisha chini ukiwa na mionzi.
- Vipimo vya kifuani. Baadhi ya watu walivaa kipande cha filamu kinachobadilika rangi kulingana na mionzi iliyompata mtu.
- Mavazi na kuoga. Waliotumwa kuingia eneo la mlipuko mapema walivaa mavazi maalumu, wakapimwa na kuoshwa walipotoka.
- Doria. Afisa wa doria alipewa kazi ya kuwatafuta wenyeji na kuwaondoa kwenye njia ya hatari.

Sasa tazama jinsi zilivyotekelezwa. Vile vipimo vya filamu havikupewa kila mtu. Wanajeshi wengi waliambiwa tu wakae na kuupa mlipuko mgongo, wafumbe macho na kuyafunika kwa mikono, wengi wao wakiwa wamevaa kaptula na mashati mepesi. Kwa muda mrefu afisa wa doria alikuwa mmoja tu, akizunguka eneo kubwa kuliko nchi nyingi, na baadaye wakawa wawili. Mabango ya onyo yaliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wenyeji wengi wa jangwani hawakuijua kusoma. Kiritimati, katika baadhi ya milipuko, wanakijiji walipandishwa melini mpaka mlipuko upite.

Na upepo? Tarehe 15 Oktoba 1953 bomu la Emu Field lililipuliwa katika hali ya upepo ambayo haikupaswa kuruhusiwa. Familia za wenyeji zilizokuwa upande wa kaskazini-mashariki zilisimulia kuona ukungu mweusi ukipita juu ya makazi yao, kisha watu wakapata vipele, macho kuuma, kutapika na kuhara. Kwa miaka mingi hawakusikilizwa. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyoongozwa na Jaji James McClelland, iliwasikiliza mwaka 1984 na 1985, na ikasema wazi kwamba mlipuko ule ulifanywa bila kuwafikiria watu waliokuwa upande wa upepo.

Familia iliyolala kando ya shimo

Kisa kimoja kilichofika mbele ya tume hiyo kinamhusu mama.

Oktoba 1956 bomu lililipuliwa ardhini Maralinga, mahali palipoitwa Marcoo, likachimba shimo kubwa. Miezi saba baadaye, Mei 1957, askari waliikuta familia ya wenyeji imepiga kambi pale: baba, mama, watoto wawili na mbwa wao wa kuwinda. Walikuwa safarini kwa miguu kama walivyozoea. Hakuna aliyewaambia kwamba nchi yao imegeuzwa uwanja wa mabomu, na mabango hawakuweza kuyasoma.

Askari waliwapima kwa chombo cha mionzi na kuwaogesha. Mbwa wao walipigwa risasi. Kisha familia ikapakiwa garini na kupelekwa mbali, kusini, kwenye makazi ya Yalata. Askari walioshuhudia waliambiwa wasiseme.

Mama yule alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa amefariki.

Mtoto anaweza kufia tumboni kwa sababu nyingi, na kwa mimba moja peke yake hakuna daktari anayeweza kuthibitisha kwamba ni mionzi. Lakini jambo moja halina ubishi. Taarifa ilikuwepo, kwenye mabango na kwenye vitabu vya kambi, na haikumfikia mtu aliyeihitaji zaidi. Tahadhari isiyofika kwa mama mwenye mimba, kwa lugha anayoielewa, haijamlinda.

Kutoka majani hadi kikombe cha maziwa

Hapa ndipo habari hii inapomgusa kila anayelea mtoto kwa maziwa.

Vumbi la mlipuko likipanda juu sana, upepo huzunguka nalo dunia. Mvua inalishusha kwenye majani. Ng'ombe au mbuzi anakula majani mengi kila siku, na zile chembe zinakusanyika kwenye maziwa yake. Mtoto anakunywa maziwa hayo, tena kwa wingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake.

Chembe mbili zinahusika zaidi. Ya kwanza ni aina ya madini joto yenye mionzi. Tezi ya shingoni hunyonya madini joto yoyote inayoyapata, mazuri na mabaya, na tezi ya mtoto ni ndogo, kwa hiyo kiasi kidogo kinaiumiza. Ubaya wake hupungua nusu kila baada ya siku 8, ndiyo maana wiki za mwanzo ndizo za hatari. Ya pili ni strontiamu. Mwili huidhania kuwa kalisi, yaani madini ya mifupa, na kuijenga ndani ya mifupa na meno ya mtoto anayekua. Hiyo huchukua karibu miaka 29 kupungua nusu.

Uingereza yenyewe iliyaona haya Oktoba 1957. Kinu cha Windscale, kilichokuwa kikitengeneza plutoniamu ya mabomu hayo hayo, kilishika moto na kutoa moshi wenye mionzi. Serikali ilipima maziwa ya mashamba ya jirani, ikapiga marufuku maziwa ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 500, na kwa wiki kadhaa maziwa yakamwagwa. Wafugaji waliumia, lakini watoto wa eneo hilo waliepushwa na sehemu kubwa ya hatari. Linganisha na familia ya Maralinga: mwaka ni ule ule, serikali ni ile ile. Palipokuwa na vipimo na tangazo lililofika kila shamba, watoto walilindwa.

Mwaka 1986, kinu cha Chernobyl kilipolipuka, Muungano wa Kisovyeti ulichelewa kuwaambia wananchi. Watoto waliendelea kunywa maziwa, na maelfu yao baadaye walipata saratani ya tezi. Nchi jirani ya Poland iligawa dawa ya madini joto kwa watoto zaidi ya milioni 10 ndani ya siku chache, ili tezi zao zishibe yale mazuri na yasipokee mabaya.

Mifupa na meno ya watoto

Wanasayansi wa miaka ya 1950 walitaka kujua strontiamu imefika kiasi gani kwa watoto. Walitumia njia mbili zilizotofautiana sana.

Nchini Australia, kuanzia 1957 hadi 1978, ilichukuliwa mifupa ya maelfu ya marehemu, wakiwemo watoto wachanga, ikachomwa na kupimwa. Wazazi hawakuombwa ruhusa. Wengi walikuja kujua miaka mingi baadaye.

Katika mji wa St. Louis nchini Marekani, mwaka 1958, kikundi cha madaktari na wananchi kiliwaomba wazazi wapeleke meno ya utotoni yaliyong'oka. Wazazi walieleweshwa sababu, wakakubali, na meno yakaja kwa mamia ya maelfu. Yalionyesha kwamba strontiamu kwa watoto iliongezeka kadiri mabomu yalivyoongezeka. Taarifa za namna hiyo zilichangia shinikizo lililozaa mkataba wa 1963, ambao Uingereza, Marekani na Muungano wa Kisovyeti waliacha nao kujaribu mabomu hewani, majini na anga za juu.

Linalokuhusu hapa ni rahisi. Kipimo chochote cha mtoto wako, iwe damu, makohozi au picha, una haki ya kuambiwa ni cha nini na kukubali kwa hiari.

Na Afrika je?

Afrika haikuachwa salama. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza karibu na Reggane, jangwa la Sahara, Algeria. Ilifanya milipuko 4 hewani pale, kisha 13 chini ya ardhi hadi 1966. Mmoja wa hiyo ya chini, tarehe 1 Mei 1962, ulipasua mlima na kumwaga wingu la mionzi juu ya watu.

Baadaye nchi za Afrika zilikubaliana kulifanya bara hili kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Mkataba wa Pelindaba ulitiwa saini Cairo mwaka 1996 na ukaanza kutumika 2009. Leo hewa yetu inachunguzwa. Dar es Salaam kuna kituo cha kimataifa kinachonasa chembe za mionzi angani, na huko Kilimambogo nchini Kenya kuna kituo kinachosikiliza mitikisiko ya ardhi. Bomu likijaribiwa popote, vituo vya namna hii ndivyo vinavyogundua.

Hapa Tanzania mwenye jukumu ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, yenye maabara Njiro, Arusha. Inakagua mashine za eksirei na kuzipa leseni, na inapima vyakula vinavyoingizwa nchini kama vina mionzi.

Daktari aliyewauliza akina mama

Miaka hiyo hiyo ya mabomu, daktari mwanamke wa Oxford, Alice Stewart, alitaka kujua kwa nini watoto wa Uingereza walikuwa wakifa kwa saratani ya damu. Aliamua kuwauliza akina mama: waliofiwa na watoto, na wengine ambao watoto wao walikuwa wazima. Mwaka 1956 na 1958 alichapisha alichokiona. Mama waliopigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito, watoto wao walikuwa na uwezekano karibu mara mbili wa kufa kwa saratani.

Wakati huo madaktari walipiga picha za wajawazito mara nyingi, kuangalia mtoto amelalaje. Wengi walimpinga, lakini utafiti ulirudiwa na ukasimama. Leo mjamzito huangaliwa kwa ultrasaundi, ambayo hutumia sauti isiyosikika kwa sikio na haina mionzi hii kabisa.

Uwezekano mara mbili unatisha, lakini saratani ya utotoni ni nadra, na nadra ikizidishwa mara mbili bado ni nadra. Zaidi ya hayo, mashine za sasa zinatumia mionzi kidogo sana kuliko za wakati ule. Lengo ni kuzuia mionzi isiyo ya lazima. Mtoto mgonjwa anayehitaji picha asinyimwe.

Leo: mtoto wako na eksirei

Picha moja ya kifua humpa mtu mionzi inayolingana na ile ya asili, itokayo kwenye udongo na angani, anayoipata kwa siku chache tu. Upande wa pili, kifua kikuu kwa mtoto ni vigumu kukigundua kwa makohozi, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kuyatoa vizuri. Picha inaweza kuokoa maisha yake. Mfupa uliovunjika usipopigwa picha unaweza kuunga vibaya na kumwachia kilema.

Wataalamu hutumia kanuni tatu, na wewe unaweza kuzitumia pia:

1. Muda mfupi. Msaidie mtoto atulie ili picha isirudiwe. Mweleze mapema kwamba haiumi.
2. Umbali. Asiyepigwa picha akae nje ya chumba. Watoto wengine wasiingie.
3. Kinga. Ukiombwa umshike mtoto, uliza vazi la risasi la kujikinga. Mwenye mimba asimshike. Ashike baba, shangazi au mtu mzima mwingine.

Sisi tunaongeza ya nne: taarifa. Kabla ya picha, uliza:

- Picha hii itabadilisha matibabu kwa namna gani?
- Alishapigwa picha hii hivi karibuni? (Tunza picha na kadi zake, ukienda hospitali nyingine uzioneshe.)
- Kuna njia nyingine, kama ultrasaundi?

Kama huelewi Kiswahili cha hospitali, nenda na mtu wa kukutafsiria Kimaasai, na usione aibu kuomba uelezwe tena. Kuuliza si ubishi.

"Nilipigwa picha kabla sijajua nina mimba"

Usihangaike, na usifikirie kutoa mimba kwa sababu hiyo. Picha ya kifua, mkono au mguu humfikishia mtoto aliye tumboni mionzi kidogo mno. Picha za tumbo au nyonga, na siti skani ya tumbo, zina mionzi zaidi, lakini hata hizo kwa kawaida hazifikii kiwango cha kumdhuru mtoto. Mweleze mhudumu wa kliniki tarehe na aina ya picha, akushauri.

Mama anayenyonyesha, na mama anayetibiwa saratani

Picha ya eksirei haiharibu maziwa ya mama. Nyonyesha kama kawaida, hata saa hiyo hiyo.

Mama anayerudi kutoka Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, baada ya kuchomwa mionzi kwa mashine kutibu saratani ya mlango wa kizazi au ya titi, hatoi mionzi. Kikombe chake si hatari na kitanda chake si hatari. Kumtenga ni kumuumiza mara ya pili.

Kuna tofauti moja ya kukumbuka. Mgonjwa aliyepewa madini joto yenye mionzi kunywa, kwa ajili ya tezi ya shingo, huwa nayo mwilini kwa muda. Huyo huacha kunyonyesha, na hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku alizoelekezwa na hospitali.

Chumvi yenye madini joto

Mtoto ambaye tezi yake ina njaa ya madini joto huvimba shingo, na ukosefu huo kwa mjamzito hudumaza akili ya mtoto. Siku ya ajali ya nyuklia, tezi yenye njaa ndiyo hunyonya mionzi zaidi. Kwa hiyo tumia chumvi iliyowekwa madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, na itie mwisho wa kupika. Magadi hayachukui nafasi yake. Chumvi hii ni lishe ya kila siku. Si dawa ya mionzi, na kula nyingi hakuongezi kinga.

Vyuma chakavu na mawe ya mbolea

Mwaka 1987, huko Goiânia, Brazil, watu walichukua mashine ya matibabu iliyoachwa kwenye jengo tupu ili wauze chuma. Ndani kulikuwa na unga uliong'aa bluu usiku, na watoto wakauchezea. Watu wanne walikufa, mmoja wao msichana wa miaka 6.

Wafundishe watoto alama ya mionzi: mapanga matatu meusi yaliyozunguka duara, kwenye rangi ya njano. Wakiikuta kwenye chuma au kasha lolote, wasiguse, waondoke, na wewe utoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi ili TAEC iitwe. Ukishagusa, nawa kwa sabuni na uende kituo cha afya.

Jirani zetu wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, wana mawe ya fosfeti yanayochimbwa kwa ajili ya mbolea, na mawe hayo yana uraniamu zaidi ya udongo wa kawaida. Mbolea ikitumika shambani kama ilivyoelekezwa si jambo la kuogopa. Lakini usijengee nyumba mabaki ya mgodi, usiruhusu watoto wacheze kwenye vumbi lake, na usihifadhi unga au maji kwenye mifuko iliyokuwa na mbolea.

Walichopata walioumizwa

Mwaka 1993 Uingereza ilikubali kuilipa Australia pauni milioni 20 kwa ajili ya usafishaji wa Maralinga. Mwaka uliofuata wenyeji walilipwa fidia ya dola milioni 13.5 za Australia. Usafishaji mkubwa ulimalizika 2000, na mwaka 2009 wenyeji walirudishiwa sehemu kubwa ya eneo la majaribio. Maveterani wa Uingereza walitangaziwa medali mwaka 2022, miaka 70 baada ya mlipuko wa kwanza.

Yote hayo yalipatikana kwa sababu watu walisimulia kilichowapata na hawakuacha kuuliza, hata walipoambiwa hawakuona walichokiona.

Basi mtoto akiandikiwa picha, mpeleke. Ukiwa na mimba, sema mapema. Na usiposikia vizuri ulichoelezwa, uliza tena mpaka uelewe. Mhudumu wa zahanati yako au mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye wa kuanzia naye.